Mgeni Asiyekunywa Maziwa

Kenya ukisema chai, umesema maziwa. Hakuna anayekuuliza. Ingia hoteli yoyote ya kando ya barabara, kuanzia Kangemi hadi Kitale, useme "chai moja," na italetwa ikiwa ya kahawia, nzito, imechemkia na maziwa kwenye sufuria moja. Ile isiyo na maziwa ndiyo inayohitaji jina la ziada: chai ya rangi, strungi, turungi. Na jina lenyewe halina heshima. Strungi ni chai ya tarehe ishirini na tano, mshahara ukiwa bado njiani. Ni chai ya bweni, chai ya nyumba iliyoishiwa. Mgeni akipewa strungi anajua mambo ya hapo si mazuri, na mwenyeji anajua kwamba mgeni amejua.

Sasa fikiria mgeni anayeomba strungi katika nyumba yenye ng'ombe.

Mimi ndiye mgeni huyo, na nataka kuuliza swali ambalo wengine wataliona dogo mno kuitwa la kimaadili: mtu afanye nini na zawadi ambayo mwili wake hauwezi kuipokea? Silichukulii kwa mzaha, kwa sababu kwetu maziwa hayajawahi kuwa kinywaji tu. Shosho wangu anaishi Kinangop. Ng'ombe wake wawili wa gredi ndio waliomsomesha mamangu mpaka kidato cha nne, na baadaye chuo cha ualimu. Kila asubuhi maziwa yalipelekwa kwenye chama cha ushirika kwa mtungi wa alumini uliofungwa nyuma ya baiskeli, na malipo yakija yalikuwa karo kabla hayajawa kitu kingine. Mama akawa mwalimu, akanisomesha mimi. Ukiufuata uzi huo, hata sentensi hii imelipiwa na maziwa. Na maziwa yenyewe, nikimaliza glasi moja, tumbo linafura, linanguruma kama mathree iliyokwama matopeni, na baada ya saa moja sina haja ya kujua lolote duniani isipokuwa choo kiko wapi. Chai ya nusu maji nusu maziwa ni afadhali kidogo. Lakini nani alishaenda Kinangop akapewa kikombe kimoja?

Sayansi yake ni fupi. Maziwa yana sukari iitwayo laktosi. Sukari hiyo haiwezi kupenya ukuta wa utumbo ikiwa nzima. Lazima ikatwe vipande viwili, glukosi na galaktosi, na mkataji ni kimeng'enya kiitwacho laktesi, kinachokaa kwenye ukuta wa utumbo mwembamba. Mtoto mchanga huzaliwa nacho tele, maana maziwa ya mama yana laktosi nyingi kuliko ya ng'ombe. Wanaozaliwa bila laktesi kabisa ni nadra sana. Lakini mtoto akishaachishwa ziwa, mwili huanza kupunguza uzalishaji. Ndivyo ilivyo kwa ndama, ndivyo ilivyo kwa paka, na ndivyo ilivyo kwa binadamu wengi. Laktosi isiyokatwa huteremka hadi utumbo mpana, huvuta maji, na bakteria wa huko huichachusha kwa furaha zao. Wanatoa gesi, mojawapo haidrojeni, na sehemu ya haidrojeni hiyo huingia kwenye damu, ikafika mapafuni, ikatoka na pumzi. Ndiyo maana kipimo cha hospitali ni kupuliza: unakunywa laktosi, unasubiri, unapuliza kwenye kifaa. Pumzi yako mwenyewe inakutolea ushahidi.

Si aleji, ingawa hilo ndilo neno tunalolitumia tukitaka kuhurumiwa haraka. Aleji ya maziwa ni kinga ya mwili kupigana na protini, na inaweza kuua. Hii haiui mtu mzima. Inaaibisha.

Hali hii ina majina mawili ya kitaalamu na yote mawili yananikera. Moja ni kutovumilia laktosi. Kwa lugha nyingine huenda hilo ni neno la maabara tu. Kwa Kiswahili limetua pabaya, kwa sababu kwetu kuvumilia ni tabia njema. Mvumilivu hula mbivu. Tunamsifu marehemu kwa uvumilivu, tunamwagiza bibi harusi uvumilivu, tunawaambia vijana wasio na kazi wavumilie. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba tumbo lako "halivumilii," anasikia kasoro ya malezi. Na kusema kweli ndivyo wanavyotutazama: watoto wa Nairobi, wameharibiwa na chipsi, hata maziwa yamewashinda.

Jina la pili ni upungufu wa laktesi, na hili lina historia yake. Mwaka 1965 na 1966 madaktari wa Baltimore, Marekani, walianza kuchapisha matokeo yaliyowashangaza: watu wazima wenye afya kamili, wengi wao Wamarekani weusi, hawakuwa na laktesi ya kutosha. Mwaka huohuo wa 1966 Cook na Kajubi walichapisha utafiti wao wa Uganda. Waganda wengi waliopimwa walikuwa "na upungufu". Wengi wa watu wenye asili ya ufugaji, Wahima na Watutsi, hawakuwa nao. Wakati huo ilidhaniwa kwamba mtu wa kawaida ni yule anayeyeyusha maziwa uzeeni kama alivyoyeyusha utotoni, na wengine ndio wa kuelezwa. Kadiri dunia ilivyoendelea kupimwa, hesabu iligeuka. Leo inakadiriwa kwamba karibu theluthi mbili ya watu wazima duniani ni kama mimi. Upungufu ulikuwa wa wengi. Wachache ndio waliokuwa na kitu cha ziada. Lakini wachache hao ndio walioandika vitabu vya udaktari, na jina likabaki.

Georges Canguilhem, Mfaransa aliyekuwa daktari na mwanafalsafa, alitetea mwaka 1943 hoja ambayo naipenda: kawaida si wastani. Huwezi kuhesabu watu, ukachukua wa katikati, ukasema huyo ndiye mzima. Mwili huwa mzima au mgonjwa ndani ya mazingira fulani, na afya ni uwezo wa kujiwekea kanuni mpya mazingira yakibadilika. Nikiwa mahali pasipo na ng'ombe, sina ugonjwa wowote. Nikipanda gari la Njabini, nauchukua njiani.

Hoja nzuri, lakini haimalizi kazi. Kujua kwamba niko katika walio wengi hakunisaidii ninapokaa kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma, thamosi imefunguliwa, na mama wa watu amenitazama. Na pia sipendi namna hoja hii inavyotumiwa mjini, ambako kukataa maziwa kumekuwa fasheni. Kuna mikahawa Nairobi utaagiza maziwa ya lozi na mhudumu akuone mtu wa maana. Kwenye supamaketi kuna pakiti za maziwa yaliyoondolewa laktosi, bei juu. Soko liligundua tumbo langu kabla ya shangazi zangu. Mwili mmoja, kukataa kulekule, lakini mjini ni mtindo wa maisha na ushago ni maringo. Anayeweza kulipa hahitaji kujieleza kwa mtu.

Turudi nyuma zaidi, kwa sababu jambo hili lina mizizi katika udongo wetu. Mabaki ya mafuta yaliyonaswa kwenye vigae vya vyungu vya kale kutoka Kenya na Tanzania yanaonyesha kwamba watu wa hapa walikuwa wakitumia maziwa maelfu ya miaka iliyopita. Ungedhani basi matumbo yao yalikuwa tayari. Hapana. Utafiti wa vinasaba wa mwaka 2019, uliochunguza watu 41 wa kale kutoka maeneo haya, ulimpata mmoja tu mwenye jeni ya kuendelea kutengeneza laktesi utu uzimani. Wengine walifuga, walikamua, na kwa dalili zote walitumia maziwa bila hiyo jeni.

Waliwezaje? Bila shaka wengine waliumwa tumbo wakanyamaza. Lakini jibu jingine bado linaning'inia kwenye kuta za nyumba za Bonde la Ufa: kibuyu. Mursik ya Wakalenjin hugandishwa katika sotet iliyosuguliwa kwa mkaa wa mti maalumu. Wamaasai wana yao, Wasomali wana susa ya maziwa ya ngamia, na sisi wengine tuna mala. Bakteria wanaogandisha maziwa hula sehemu ya laktosi kabla hujainywa. Yaani watu hao, bila maabara, waliibadilisha zawadi ili mwili uipokee. Wanariadha wetu wakitua uwanja wa ndege na medali, wanayolishwa mbele ya kamera ni mursik, si maziwa mabichi. Nani alituambia kwamba maziwa halisi ni yale meupe ya pakiti? Sehemu ya jibu ni walowezi, ambao mwaka 1925 waliunda KCC, na kwa miongo mingi mwelekeo wa biashara ya maziwa ulikuwa wao; Mwafrika alifunguliwa mlango wa ng'ombe wa gredi kwa kiasi kikubwa na Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Chai ya kuchemshia na maziwa mengi, hii tunayoiita ya Kiafrika, ni mgeni kuliko tunavyokubali.

Kisha kuna upande wa jeni yenyewe, na hapa watu hupenda kujisifu. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha matokeo ya kuwachunguza watu 470 wa makabila 43 kutoka Tanzania, Kenya na Sudan. Waligundua mabadiliko matatu ya jeni yanayoruhusu laktesi kuendelea, tofauti na yale ya Wazungu. Maana yake jambo hilihili limetokea zaidi ya mara moja, mahali mbalimbali, na lile lililoenea zaidi Kenya na Tanzania limeenea kwa kasi kubwa katika miaka elfu chache. Kenya ikiwa Kenya, najua tutafika wapi na habari hii: kuna watu wa maziwa na kuna wengine, nani ana damu ya nani. Basi nikumbushe kwamba katika utafiti huo Wahadza, ambao ni wawindaji na hawafugi ng'ombe, karibu nusu yao walikuwa na uwezo wa kuyeyusha maziwa. Jeni haisomi kitambulisho.

Halafu, kabla mtu hajajivuna, auache kidogo ule msamiati wa "jeni ilienea" aseme kwa lugha ya nyumbani. Jeni haienei kwa sababu ni nzuri. Inaenea kwa sababu wasio nayo waliacha watoto wachache kuliko walio nayo. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watu wa huko walikunywa maziwa kwa maelfu ya miaka kabla jeni hiyo haijawa ya kawaida, na watafiti walidhani kilichoisukuma ni vipindi vya njaa na magonjwa. Mwaka wa kawaida, kuharisha ni kero. Mwaka wa njaa, mwili ukiwa tayari umekauka, kuharisha kunaua. Anayejivunia tumbo lake la chuma anasimama juu ya makaburi madogo mengi.

Kwa hiyo kulikuwa na njia mbili za kale. Mwili ubadilishwe na vifo, au maziwa yabadilishwe na kibuyu. Njia ya tatu ndiyo aliyoichagua Mama, nayo ni kunyamaza.

Mama aliingia darasa la kwanza mwaka 1979, mwaka uleule Rais Moi alipoanzisha maziwa ya shule, yale ya Nyayo. Kizazi chake wakikutana lazima yatajwe: pakiti za pembe tatu, unavyong'ata ncha, unavyopasua pakiti tupu kwa kisigino. Sitaki kuyadharau. Kulikuwa na watoto ambao hicho ndicho kitu cha kwanza kuingia tumboni siku hiyo, na kuna waliokuja shule kwa ajili yake. Kwa kaya nyingi za wafugaji kama ya Shosho, lilikuwa pia soko. Lakini Mama, akiwa darasa la nne hivi, alianza kuibadilishana pakiti yake kwa andazi. Siku moja mwalimu alimwona. Hakupigwa, alisimamishwa mbele ya darasa anywe hadi mwisho, kwa sababu maziwa ya Rais hayachezewi. Alikunywa. Sehemu iliyobaki ya hadithi hiyo huwa anaisimulia akicheka, na sisi hucheka naye, ila nikiwa mkubwa nilianza kusikia kitu kingine. Mtoto wa miaka kumi alijua ukweli kuhusu mwili wake, na hapakuwa na neno lolote la Kikuyu, Kiswahili au Kiingereza ambalo angelitumia mwalimu akamwelewa. Maneno yaliyokuwepo yalikuwa mawili: shukrani na utovu wa shukrani.

Nyumbani hali ilikuwa ngumu zaidi. Maziwa ya nyumbani yalikuwa karo. Kila kikombe alichomiminiwa kilikuwa kikombe ambacho hakikupelekwa kwenye ushirika. Mama yake alikitoa kwenye mtungi wa pesa akakitia mkononi mwake. Ukatae hicho? Alikunywa, akatoka nyuma ya nyumba, akarudi akiwa ametabasamu. Aliendelea hivyo akiwa msichana, akiwa mwalimu, akiwa mke wa mtu anayekuja kutembea Krismasi. Karibu miaka arobaini.

Marcel Mauss aliandika insha yake maarufu juu ya zawadi, ambayo kwa sadfa ilitoka mwaka uleule wa KCC, 1925, akasema zawadi ina wajibu wa aina tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Wa katikati ndio tunaousahau. Kukataa kupokea, kwa jamii nyingi, ni kutangaza kwamba hutaki uhusiano. Mama hakumsoma Mauss na hakumhitaji. Alijua kwamba akisema "sinywi" angekuwa amesema jambo kubwa kuliko maziwa. Kwa hiyo sidhani alichofanya kilikuwa uongo. Kama kuna kitu kinachoitwa heshima, basi ni hicho: kubeba maumivu madogo kimyakimya ili mwenye kukupa asione kwamba alichokupa kimekuumiza. Naandika hivi nikijua kwamba wasomaji wengi wa rika langu wataniambia mipaka, afya ya akili, sema ukweli wako. Sawa. Lakini mtu aliyelelewa na mkono mmoja tu wenye nyufa za baridi ya saa kumi na moja asubuhi, halafu akaamua kwamba mkono huo usijue, sioni kwamba alihitaji somo letu.

Kilichonibadilishia mawazo si yeye. Ni mtoto.

Mwana wa dadangu alikuwa anaishi na Shosho, kama watoto wengi ambao wazazi wao wanapambana na kodi ya Nairobi. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu, ameshaacha kunyonya. Akashikwa na kuendesha, mambo ya kawaida ya watoto, siku tatu nne. Kisha haikuisha. Shosho akafanya kile ambacho mikono yake imekifanya maisha yote: akampa maziwa, ya asubuhi, ya moto, mengi, arudishe nguvu. Akaendelea kuendesha. Wiki ya pili ngozi ya tumbo ukiivuta inarudi polepole. Dadangu alipopiga simu kuuliza kama maziwa yanaweza kuwa yanazidisha, Shosho alimjibu kwa yakini ya mtu mwenye ushahidi: "Hakuna mtu wa nyumba hii ambaye maziwa yamewahi kumsumbua. Uliza mama yako."

Mama alikuwa kwenye simu hiyo. Sauti ilikuwa imefunguliwa.

Zahanatini, baada ya mtoto kuongezewa maji na kupimwa, walieleza jambo ambalo ni rahisi ukishaambiwa. Laktesi inakaa kwenye ncha za ukuta wa utumbo mwembamba. Maambukizi ya tumbo yakizikwangua ncha hizo, kimeng'enya kinapotea kwa muda, hata kwa mtoto ambaye jeni yake ni ya mfugaji halisi. Maziwa ya ng'ombe yanayomiminwa juu ya kidonda hicho huongeza kuharisha, na kuharisha kunazuia utumbo kupona. Hupona wenyewe, baada ya majuma kadhaa. Wakasema maziwa mabichi yasitishwe kwa muda, na mala au yogati huweza kukubalika. Kama angekuwa bado ananyonya, wangesema aendelee kunyonya. Ziwa la mama halikatizwi ovyo kwa sababu hii.

Tangu siku hiyo nalitazama kimya cha Mama kwa namna nyingine, bila kukiondolea heshima yake. Alipokinywa kikombe miaka arobaini, alidhani analipa yeye peke yake. Lakini kimya cha watu wenye adabu hakikai kimya. Kinageuka kuwa maarifa. Kila alipotabasamu akarudisha kikombe tupu, Shosho alijifunza jambo, na alichojifunza hakikuwa kweli: kwamba nyumba hii haina watu wa namna hiyo. Na maarifa hayo yakahifadhiwa mpaka siku alipopatikana mtu asiyeweza kusema wala kutabasamu wala kutoka nyuma ya nyumba, yakatumika juu yake.

Ndiyo hoja yangu nzima, kama ninayo. Mtu mzima ana haki ya kumeza. Akitaka kuuweka mwili wake chini ya uhusiano, ni mwili wake na ni uhusiano wake. Lakini anapomeza bila mtu kujua, anasaidia kuweka kipimo cha kawaida, na kipimo hicho hakimsubiri yeye. Kinaenda kumpima mtoto wa darasa la nne anayesimamishwa mbele ya wenzake, na mtoto mchanga anayefinywa ngozi. Ni kosa la aina ileile la wale waliopima watu wachache, wakaandika "mtu mzima wa kawaida," wakawaita wengine wapungufu. Tofauti ni kwamba wao walikosa taarifa, na katika familia taarifa ipo, imekaa mezani, imeshika kikombe.

Na mwenyeji je? Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini adabu zetu nyingi zinamlinda mwenyeji asijue chochote kuhusu mgeni wake. Sidhani huko ni kumheshimu. Shosho alipoambiwa hatimaye, jikoni, mtoto akiwa amelala mgongoni mwa dadangu, alikaa muda mrefu akiukoroga moto. Nilikuwa nikisubiri kilio, au hasira. Akamgeukia Mama.

"Miaka yote hiyo?"

"Mama, yalikuwa karo yangu. Ningekuambiaje?"

"Ungeniambia," Shosho akasema, "hicho kikombe ningekiuza."

Tulicheka mpaka mtoto akaamka. Lakini sidhani alikuwa anatania. Mwanamke huyo alikuwa anapiga hesabu: kikombe kimoja kila siku, miaka ya shule yote, senti ngapi hizo. Alinyimwa nafasi ya kumpa binti yake kitu ambacho kingemfaa. Mama alikuwa amemlinda asiumie, na wakati huohuo amemzuia asiwe mkarimu kwa kiwango alichokuwa nacho, maana anayetoa bila kujua anampa nani hajamaliza kutoa.

Kesho yake kulikuwa na mala kwenye kibuyu, ya mtoto, na hakuna aliyekuwa amemwagiza. Alijua tayari namna ya kuitengeneza. Kwa mama yake mwenyewe ndivyo walivyokunywa, akasema. Maziwa ya moto yasiyolala yalikuja na pakiti na wageni. Mimi nikapewa strungi yenye tangawizi, kwenye kikombe kizuri, kile cha maua.

Bado nakunywa maziwa wakati mwingine. Watafiti wanakubaliana kwamba wengi wa aina yangu wanaweza kustahimili kama gramu 12 za laktosi kwa mpigo mmoja, karibu glasi moja, hasa kukiwa na chakula. Mimi naweza kama nusu ya hiyo, na nimejifunza kuipima kwa macho. Mwaka jana tulienda matangani kwa jirani wa Shosho, mwanamke ambaye aliuza ng'ombe wake kulipia hospitali na mgonjwa akafa vilevile. Maziwa ya chai siku hiyo aliyakopa kwa majirani, kila mtu aliyajua hayo. Akanijazia kikombe hadi ukingoni, akasema asante kwa kutoka mbali. Sikufikiria kuomba strungi. Nilikunywa na mkate, taratibu, mpaka nilipofika nusu, nikasimama hapo nimekishika, nikiwa nimekaa karibu na Shosho kwenye benchi. Mwenye nyumba alipogeuka kumhudumia mwingine, Shosho alinyoosha mkono bila kunitazama, akachukua kikombe changu, akakimaliza.